Kilichogusa Barabara

Ukiwa Kahama au Dodoma na ukakuta sokoni mkungu wa ndizi za kupika, tazama kikonyo chake kabla muuzaji hajaanza kuukata chane. Kama kimefungwa jani kavu kwa kamba ya mgomba, huenda umetoka kwetu, upande wa Kasulu. Usiache kuununua kwa sababu ya haya nitakayoeleza. Nunua, menya, pika na nyama, watoto wale washibe. Ndizi haina kosa. Nataka tu ujue namna ilivyoshuka mlima.

Nianze na ndizi yenyewe, maana usipoielewa hutaelewa kwa nini watu walikuwa wakali vile. Mkungu wa safari hukatwa ukiwa mbichi, vidole bado vina kona. Vikishakuwa mviringo umechelewa, utaivia njiani na utaivisha na wenzake. Panga likishapita kwenye kikonyo, hakuna kurudi nyuma. Ukiugonga leo huoni kitu, kesho pana doa jeusi kama kidole cha mtu. Kwa hiyo hukatwa alfajiri ya siku ya soko, hufungwa wima kwenye baiskeli, na hutakiwa kufika mjini bila kulazwa chini hata mara moja.

Baiskeli ya ndizi haipandwi, inasukumwa. Mti mmoja hufungwa kwenye usukani, urefushe mkono, mwingine husimamishwa nyuma ya kiti. Mkono mmoja unaelekeza, mwingine unasukuma, na wewe unatembea pembeni umeinama kama mtu anayemnong'oneza mgonjwa. Mikungu inaning'inia pande zote mpaka magurudumu hayaonekani. Kwa mbali utadhani mgomba umechoka shamba lake na sasa unatembea.

Mama yangu hakuichagua kazi hii. Baba alikwenda Urambo kulima tumbaku. Msimu mmoja ukawa miwili, kisha tukasikia ana nyumba huko, na mke, na kitanda cha mbao. Alichotuachia hapa Nyakitonto ni migomba, baiskeli, na nafasi kwenye lori. Mali ilikuwa hiyo nafasi.

Mnunuzi alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye duka Kasulu mjini. Mama yake alitoka Tanga, na yeye alisema Kiswahili laini kilichotufanya sisi Waha tuone haya kufungua midomo. Lori lake lilipakia kila siku ya soko. Mikungu ilisimamishwa tabaka juu ya tabaka, majani makavu katikati, na kila msukumaji alikuwa na sehemu yake humo ndani. Mzee hakuwahi kufoka. Alikuwa na sheria moja, na aliisema kama anayekukaribisha chai: adhana ya adhuhuri ikilia, turubai linafungwa. Aliyechelewa, sehemu yake anapewa mmoja wa wale waliosimama pembeni wakiomba, na harudishiwi mpaka mwingine naye achelewe.

"Si mimi, wanangu," alisema. "Mie kesho niko Kahama na mzigo mbichi au niko Kahama na mzigo wa kutupa."

Walioomba pembeni walikuwa wengi kuliko tuliokuwa ndani. Kwa hiyo elewa vizuri: mama hakuwa anasukuma ndizi tu. Alikuwa anasukuma ile nafasi, kila soko, na kila soko angeweza kuipoteza. Bila lori, migomba yetu yote ingekuwa ya kupika pombe na kugawia majirani, na mimi ningevua sare ya shule niliyokuwa nimeshonewa kwa ajili ya sekondari.

Sasa nikueleze mteremko.

Kati ya kwetu na mji kuna mahali barabara inaanguka ghafla. Siku hizi pamewekwa lami, lakini wakati ule palikuwa udongo mwekundu, na mvua ikinyesha ulikuwa kama umemwagiwa mawese. Wanaume walishuka kwa kuburuta tawi la mti lililofungwa nyuma ya baiskeli, huku mguu mmoja wenye katambuga, vile viatu vya tairi, ukibanwa kwenye gurudumu. Ukisikia harufu ya mpira unaoungua ujue mtu anashuka. Usipoisikia, tazama haraka, kuna anayeanguka.

Chini, kwenye kona, palikuwa na mtaro, na kwenye mtaro walikaa watu. Wengi walikuwa wanawake wenye vikapu magotini, wengine wananyonyesha. Walikuja siku za soko kama watu wanaokuja kazini. Walikuwa na sheria ambayo hakuna aliyejua ilianza lini: kilichogusa barabara ni cha mtaro. Mkungu wako ukishalala kwenye udongo si wako tena. Niliwahi kumwona mtu mzima, mwenye wajukuu, akijaribu kuokota wa kwake. Walimzomea, wakamzunguka, wakamwimbia jina la mkewe, mpaka akaubeba mwenyewe na kuuweka kwenye kikapu cha mwanamke asiyemjua. Kisha akasema asante. Sijui kwa nini alisema asante.

Kwa hiyo walitaka tuanguke. Siwasingizii, walisema wenyewe kwa makofi.

"Anguka, baba, anguka! Watoto hawajala!"

"Huyu haanguki, ana kiuno."

"Kiuno kitaisha kwenye kona. Ngoja."

Nao wasukumaji hawakusaidiana. Usiwahukumu upesi. Ukisimama kwenye mteremko ule kumshika mwenzako, baiskeli yako nayo inaanza kuondoka bila wewe. Lakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo kila mtu aliijua. Aliyeanguka anachelewa, aliyechelewa anaachia nafasi, na kila msukumaji alikuwa na mdogo wake au shemeji yake amesimama pale kwenye lori anaomba.

Mama alipotokea mara ya kwanza na baiskeli, mtaro mzima ulisimama. Mwanamke! Hata waliokuwa wamesinzia waliamshwa. Mbele yetu alikuwa jirani yetu wa kilima cha pili, kijana mwenye mabega mapana na mdomo mpana zaidi. Aligeuka akacheka.

"Shemeji, baiskeli haibebwi kwa mbeleko!"

"Wewe tazama mbele," mama alimjibu.

"Mwambie yule wa Urambo akurudishie miguu yake, hiyo yako haitoshi."

"Miguu ninayo. Wewe tunza meno, utayahitaji kona ile."

Mtaro ulicheka, lakini ulicheka kwa sababu uliona chakula kinakuja. Mama alishuka, mimi nyuma nimelikalia tawi, nikiburuzwa kwenye udongo ili niongeze uzito. Sketi ilichanika. Hatukuanguka, ila kamba moja ilikatika na mkungu mmoja ukagusa barabara. Kabla haujatulia ulikuwa umeshaondoka. Jirani alishafika chini, akapiga mluzi.

Masoko yaliyofuata yalikuwa hivyo hivyo. Mara tunapona, mara unakwenda mkungu, mara miwili. Mama alianza kukonda. Jioni alikaa mlangoni akijikanda magoti kwa mawese ya moto. Nilifikiri anakata tamaa. Kumbe alikuwa anapiga hesabu ya mtaro.

Siku moja, isiyo ya soko, alinichukua tukaenda nyumbani kwa mwanamke mmoja aliyekuwa sauti ya mtaroni, yule aliyeanzisha nyimbo. Alikuwa rika la mama na daima alivaa kofia ya sufu, hata kwenye jua. Tulimkuta anatwanga mihogo. Hakuacha kutwanga.

"Mmekuja kulalamika?" aliuliza.

"Nimekuja kukuuliza," mama alisema. "Nikianguka, mnapata nini?"

"Ndizi."

"Zilizopondeka. Na mnagombania wote, mwenye nguvu anaondoka na mkungu, mwenye mtoto mgongoni anaondoka na chane. Nisipoanguka?"

"Hatupati kitu. Ndiyo maana tunakuombea uanguke, mama. Si chuki."

"Najua si chuki. Sasa sikiliza. Kila soko nitawapa mkungu mmoja mzima, haujaguswa na udongo. Wawili wenu mnakuja juu, mnashika kamba nyuma ya baiskeli, mnanivuta nisikimbie. Nikifika chini mzima, mkungu wenu."

Yule mwanamke aliuweka mchi. Alicheka mpaka akavua kofia. "Mawe, mama yangu! Unatulipa tusikule?"

"Nawalipa mle bila kusubiri."

Walikubaliana. Natamani ningeweza kukwambia kwamba pale palizaliwa urafiki. Hapana. Yalikuwa makubaliano, na yalishikwa kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na njaa. Lakini yalifanya kazi. Soko lililofuata mama alishuka polepole kama bibi harusi, wanawake wawili nyuma wameegemea kamba, visigino vimezama kwenye udongo. Mtaro haukumzomea. Ulimnyamazia na kuwageukia wengine.

Wanaume walikasirika. Ungefikiri wangemuiga, lakini hakuna aliyetaka kuonekana anashikiwa na wanawake. Jirani yetu alisema pale kwenye lori, kwa sauti, mbele ya mzee: "Ananunua mtaro. Wote sasa wanatutazama sisi tu."

Ilikuwa kweli. Macho yaliyokuwa yakimwangukia mama pia sasa yaliwaangukia wao tu. Nao walianza kuanguka zaidi. Wengine walisema mtaro ulianza kumwaga maji kwenye kona alfajiri, kabla hatujafika. Mama alisikia. Nilimwona amesikia. Hakuuliza, kwa sababu kamba yake ilikuwa inashikwa vizuri.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Mvua ilikuwa imenyesha kutwa na kukesha, na tulichelewa kutoka. Tulipofika juu ya mteremko jua lilishapanda. Jirani alikuwa mbele yetu, peke yake, mikungu mingi kuliko siku zote. Mke wake alikuwa amejifungua, na nadhani alitaka kurudi na kitu mkononi. Alimtazama mama, akatazama wale wawili wenye kamba, akatema mate.

"Shemeji, leo tutaona nani anafika kwa miguu yake."

"Tangulia," mama alisema.

Alikuwa katikati ya mteremko lilipotokea lori likipanda kutoka upande wa mji. Lilikuwa mojawapo ya malori ya chakula cha msaada, yanayokwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Ndani yake mlikuwa na njegere kavu za njano, zile zilizopasuliwa, ambazo baadaye akina mama wa Kikongo walizileta sokoni kubadilishana na ndizi zetu. Nilipokuwa mkubwa nilijifunza safari yake: zinalimwa nchi za theluji, zinapanda meli, zinashuka bandarini, zinapanda treni hadi Kigoma, kisha lori. Nusu ya dunia, na hazikuwahi kugusa barabara. Sheria ya mlima ilikuwa lori likipanda lisisimame, maana likisimama kwenye utelezi ule halitaondoka tena. Baiskeli ndiyo ikae pembeni.

Dereva alipiga honi. Jirani alijaribu kwenda pembeni. Tawi lake lilinasa kwenye mfereji uliochimbwa na maji, kamba ikakatika, na mzigo wote ukamvuta. Nilisikia kitu kikivunjika, nikafikiri ni fremu ya baiskeli. Lori lilipita. Magunia yake meupe yaliandikwa maandishi ya bluu ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma, na yalipita pembeni yake, juu ya kichwa chake, yakitikisika taratibu.

Alikuwa amelala chini ya baiskeli, mguu umegeukia mahali ambapo mguu haugeukii. Hakulia kwanza. Aliinua kichwa, akatuona tunashuka.

"Shemeji!" aliita. "Shemeji, simama!"

Mama hakusimama. Asingeweza kusimama pale, hata angetaka. Lakini tulipomfikia, mteremko ulikuwa umepungua kidogo, njia ni pana, na wenye kamba walikuwa wanawake wenye nguvu. Angeweza kusimama. Najua, kwa sababu wale wawili walipunguza mwendo, wakamtazama mama, wakisubiri neno.

"Nisimamie ndizi," jirani alisema. Hakusema mguu. "Shemeji, simama hapo tu, wasichukue. Simama tu!"

Mama alitazama jua. Kisha akawaambia wenye kamba, "Twende."

Tukampita. Karibu sana. Mkungu mmoja wa kwetu ulimgusa begani.

Mtaro ulikuwa umeshapanda. Walimfikia na vikapu na wakaanza kufungua kamba zake, mkungu baada ya mkungu, kwa haraka na kwa ustadi. Ili kupata mikungu ya chini ilibidi wainyanyue baiskeli, na walipoinyanyua ndipo mguu wake ulipotoka. Hivyo ndivyo alivyookolewa. Mwanamke wa kofia ya sufu alisimama juu yake na mkungu begani.

"Tumekutoa, baba. Sema asante."

"Rudisheni," alikuwa analia sasa. "Mke wangu amezaa."

"Hongera. Mtoto gani?"

"Rudisheni!"

"Nauliza mtoto gani?"

"Wa kike," alisema.

"Basi tutamletea uji," akasema yule mwanamke, na wakacheka, na wakashuka. Baadaye wasukumaji waliokuwa wanarudi na baiskeli tupu walimlaza juu ya moja na kumpeleka hospitali, Kabanga.

Sisi tulifika kwenye lori mzee akiwa anatawadha. Mpakiaji alisimamisha mikungu yetu kwenye sehemu yetu, kisha akaonyesha pengo lililokuwa wazi pembeni yake.

"Na yule mwenye mabega?"

"Haji," mama alisema.

Mzee alijifuta mikono taratibu. Alimuuliza mama ni nini kimempata, akasikitika kwa dhati, akasema Mungu amponye. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile, "Sehemu yake utaweza kuijaza, mama?"

Waliosimama pembeni wote walimgeukia.

"Nitaijaza," mama alisema.

Tulinunua baiskeli ya pili. Mimi ndiye niliyeisukuma wakati wa likizo, na hivyo ndivyo nilivyosoma. Leo ninafundisha watoto Kibondo, na wakiniuliza chakula kinatoka wapi, ninawachorea ubaoni meli, treni, lori na baiskeli. Wanafurahi sana. Mteremko siuchori.

Lakini kuna siku moja zaidi. Ilikuwa soko la miezi michache baadaye. Tulifika juu ya mteremko na kumkuta mwenye kamba mmoja tu, mwenzake anaumwa. Kando yake alisimama mke wa jirani, mtoto mgongoni. Tulikuwa tumemwona mtaroni tangu mume wake aliporudi nyumbani. Aliimba kama wengine, kikapu chake kilikuwa kipya kuliko vyote. Mama alimpita kila soko na hawakuwahi kusalimiana.

"Nitashika mimi," alisema.

"Nitashika mimi, mama," nilisema haraka, nikaanza kuegesha baiskeli yangu.

"Wewe mwepesi," mama alisema. Alitazama jua. Alimtazama yule mwanamke, akatazama mikono yake. Chini mtaro wote ulikuwa umeinua vichwa, kwa sababu uliona nani yuko juu.

Mama alimpa kamba. "Shika."

Waliteremka. Mimi nilibaki juu na baiskeli yangu nikisubiri zamu yangu ya kamba. Walipofika pale, pale hasa alipoangukia jirani, niliona kamba ya upande wa yule mwanamke ikilegea. Baiskeli ikayumba. Mama akabana mguu, katambuga ikatoa moshi. Hakupiga kelele na hakugeuka. Kisha kamba ikakaza tena, na ikakaa imekaza mpaka chini.

Waliporudi kunichukua, nilisikia walivyokuwa wakizungumza, bila kutazamana, wanapanda.

"Umelegeza," mama alisema.

"Mkono ulichoka."

"Ukichoka siku nyingine, uniambie kwanza."

"Na wewe utasimama?"

Walipanda hatua kadhaa.

"Anaendeleaje?" mama aliuliza.

"Anakaa tu. Anauliza ndizi zimefikia wapi."

Walishika kamba yangu, tukashuka wote. Chini, mke wa jirani hakungoja kupewa. Alizunguka baiskeli zote mbili, akapapasa vidole vya mkungu mmoja mmoja, akachagua mkubwa kuliko wote, wenye kona kali, ule ambao mzee angeuweka mbele ya lori watu wauone. Aliufungua mwenyewe. Mama alimshikia baiskeli isianguke.

"Siku nikiachia kabisa," alimwambia mama akiwa ameubeba kichwani, "utajua nimekusudia."

"Najua," mama alisema. "Soko lijalo uje mapema."

Kisha akaninyooshea kidole barabara, maana mjini walishaanza kujaribu kipaza sauti cha msikitini, na tukasukuma.